Mnyoo Asiye na Kinywa, na Mkia Uliobaki Topeni

Mkulima yeyote anayepalilia migomba yake baada ya mvua kunyesha humfahamu nyungunyungu. Jembe likigeuza udongo, yeye hujikunja na kujinyoosha, mwili wake ukiwa umegawanyika pingili kwa pingili mfano wa muwa. Watoto wetu humwokota wakamtia katika ndoana awe chambo cha samaki wa ziwani au wa mtoni, na wazee hutwambia kwamba shamba lenye nyungunyungu wengi ni shamba lenye rutuba. Kwa hiyo sisi tuishio bara, mbali na pwani, hatuwezi kusema kwamba hatujui minyoo. Lakini nyungunyungu huyo ana jamaa zake baharini, na miongoni mwa jamaa hao wamo wanaoishi maisha yao yote ndani ya mirija waliyoijenga wenyewe. Mmoja wao huweza kumshinda mtu mzima kwa urefu. Naye hana kinywa, hana tumbo, wala hana tundu la kutolea uchafu.

Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza wasomaji wetu jinsi viumbe hao walivyoumbika, na jinsi wataalamu walivyohangaika kwa zaidi ya miaka 80 wakitafuta mahali pa kuwaweka katika orodha ya wanyama. Kisa chenyewe kina mafunzo, kwa sababu kosa kubwa lililotendeka ndani yake halikutokana na uvivu wala ujinga. Lilitendwa na watu wenye elimu kubwa, waliotoa hukumu juu ya mnyama ambaye sehemu moja ya mwili wake ilikuwa bado haijaonekana na mtu.

NYUMBA NA MWENYE NYUMBA

Kabla ya kuingia katika kisa, yafaa tueleze jinsi wanyama wanavyopangwa. Wataalamu wa elimu ya viumbe huwapanga kwa ngazi. Ngazi kubwa chini ya himaya yote ya wanyama huitwa faila. Faila hugawanyika katika ngeli, ngeli katika oda, oda katika familia, familia katika jenasi, na jenasi katika spishi, ambayo ndiyo aina yenyewe ya mnyama. Kumtaja mnyama kwa faila yake ni kusema ukoo wake mkubwa ni upi, na ya kwamba mwili wake umejengwa kwa ramani gani. Panzi, kaa na buibui wamejengwa kwa ramani moja. Konokono, chaza na pweza kwa nyingine. Samaki, ndege, ng'ombe na sisi wanadamu tuna ramani yetu ya uti wa mgongo.

Nyungunyungu na ruba wamo katika faila iitwayo Anelida, yaani minyoo wenye pingili. Alama za ukoo huo ni mwili uliogawanyika kwa pingili na kwa kuta nyembamba za ndani, uzi mkuu wa neva unaopita upande wa tumboni, na, kwa walio wengi, nywele fupi ngumu zinazochomoza katika kila pingili. Msomaji anayetaka kuzithibitisha nywele hizo na apitishe kidole polepole chini ya tumbo la nyungunyungu, kutoka mkiani kwenda kichwani. Atahisi mkwaruzo mdogo. Kwa nywele hizo nyungunyungu hujishikiza katika kuta za shimo lake, ndiyo maana ndege huona taabu kumng'oa. Tunamwomba msomaji azikumbuke nywele hizo, kwani tutazirudia.

Baharini, Anelida wana namna nyingi sana, na wengi kati yao hukaa ndani ya mirija. Vifaa vyao vya ujenzi ni hasa vya aina tatu. Wako wa familia ya Sabellariidae, ambao hudaka chembe za mchanga zinazorushwa na mawimbi, wakazigandisha moja baada ya nyingine kwa gundi itokayo miilini mwao. Wakikaa maelfu kwa maelfu mahali pamoja, hujenga mwamba mzima wa mchanga. Wako wa familia ya Serpulidae, ambao hutoa chokaa na kujenga mrija mgumu mweupe kama kombe la konokono. Hao ndio waonekanao wameng'ang'ania mawe, nguzo za magati na matumbo ya meli. Baadhi yao huishi juu ya matumbawe ya bahari zenye joto, ikiwa ni pamoja na pwani ya Afrika ya Mashariki, na wapiga mbizi huwajua kwa vishungi vyao viwili vya rangi kali, mfano wa miti miwili midogo, ambavyo hutoweka kufumba na kufumbua kivuli kikipita juu yao. Kundi la tatu hujenga kwa utando ulio laini au mgumu, mithili ya ngozi au karatasi nene.

Maisha ya ndani ya mrija yana masharti yake, na masharti hayo huonekana katika maumbile ya mwenye nyumba. Kwa kuwa haendi kutafuta chakula, kichwa chake kimegeuka kuwa shungi la manyoya linalotokeza nje, ambalo humtumikia kwa kazi mbili: kuchuja vijidudu vilivyomo majini na kuvuta hewa ya oksijeni. Kwa kuwa tundu la kutolea uchafu liko nyuma, chini kabisa ya nyumba, minyoo wa Sabellidae na Serpulidae wana mfereji mwembamba juu ya ngozi, unaopandisha uchafu hadi mlangoni ili nyumba isiharibike. Na wengi wa Serpulidae wana kizibo maalumu ambacho hufunga mlango mara mwenyewe anapoingia ndani. Kila kiungo kina sababu yake, na mchunguzi akikishika mkononi hupata kusema: kinywa ni hiki, utumbo ni huu, mgongo na tumbo ni hapa na hapa.

Taabu ilianza walipopatikana minyoo wa mirija ambao hawakuwa na kinywa.

UZI ULIOTOKA KILINDINI

Kati ya mwaka 1899 na 1900, meli ya Kiholanzi iitwayo Siboga ilizunguka katika bahari za visiwa ambavyo leo ni nchi ya Indonesia, ikivua viumbe wa kilindini kwa ajili ya uchunguzi. Kiongozi wa safari hiyo alikuwa mtaalamu Max Weber. Miongoni mwa vitu vilivyopandishwa na nyavu za kukokota mlikuwa na viumbe vyembamba mithili ya uzi wa kushonea, kila kimoja ndani ya mrija wake. Vilikabidhiwa kwa bingwa wa Kifaransa, Maurice Caullery. Mwaka 1914 bingwa huyo alitangaza jina la kiumbe hicho kuwa Siboglinum, kwa heshima ya meli, na akakiundia familia, Siboglinidae. Alichunguza kwa makini, akatafuta kinywa na utumbo, asivione. Akaiweka familia yake mpya peke yake, kama mgeni aliyepewa kiti barazani huku wenyeji wakiwa hawajajua ametoka ukoo gani.

Miaka 19 ikapita. Mwaka 1933 mtaalamu wa Kirusi, Pavel Ushakov, alieleza habari za mnyoo mwingine wa mrija, aliyevuliwa katika Bahari ya Okhotsk. Alimpa jina la Lamellisabella, kwa kudhani kwamba ni mmoja wa jamaa za Sabellidae, wale wenye shungi la manyoya. Lakini mwaka 1937 Msweden aitwaye Johansson, alipokwisha kumchunguza mnyoo huyohuyo, alisema kwamba mnyama asiye na utumbo hawezi kuwekwa miongoni mwao, akamwundia ngeli mpya, Pogonofora. Jina hilo lina asili ya Kiyunani, na maana yake ni wabeba ndevu, kwa sababu ya manyoya yaliyo kichwani pao. Mwaka 1944 Mrusi mwingine, Beklemishev, aliwapandisha cheo hadi kuwa faila kamili. Viumbe waliokuwa wageni wa barazani sasa walikuwa na nyumba yao wenyewe, sawa na nyumba ya wadudu au ya konokono.

Aliyefanya kazi kubwa kupita wote juu ya wanyama hao alikuwa A. V. Ivanov wa Leningrad. Meli ya utafiti ya Kisovieti, Vityaz, ilivua Pogonofora wengi, na Ivanov aliwachunguza aina baada ya aina, akawaandikia kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 1960 na kutafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1963. Katika kazi hiyo lilimkabili swali ambalo huenda likaonekana dogo kwa asiyelizoea: mnyama huyu mgongo wake uko upande gani?

Kwa mbuzi au samaki hakuna anayeuliza swali la namna hiyo. Kinywa huonyesha mbele, na tumbo huonyesha chini. Lakini kwa mnyama wa mviringo kama uzi, asiye na kinywa wala tumbo, ambaye husimama wima ndani ya mrija, hakuna kitu cha kuonyesha upande. Lililopo ni uzi wa neva peke yake, unaopita upande mmoja wa mwili. Ukisema upande huo ni wa tumboni, mnyama huyo anafanana na Anelida. Ukisema ni wa mgongoni, anaingia katika kundi jingine kabisa, lile la kiti cha pweza na la wenye uti wa mgongo, yaani anakuwa jamaa yetu sisi kuliko jamaa ya nyungunyungu. Tena miili iliyokuwa imeonekana ilikuwa na sehemu tatu, kama ilivyo kwa minyoo fulani wa kundi hilo la pili. Ivanov aliamua kwamba neva ziko mgongoni. Vitabu vya mafunzo vikachapishwa hivyo, na wanafunzi katika vyuo vingi vya dunia wakafundishwa hivyo.

MKIA WAPANDA JUU

Hoja hiyo ilikuwa na ufa usioonekana. Pogonofora ni wembamba mno, na sehemu yao ya chini imezama ndani ya matope ya sakafu ya bahari. Wavu wa kukokota unapopita, huwakata kama jembe linavyokata majani, nao hupanda juu wakiwa nusu. Wachunguzi walipoona kwamba kila mnyoo waliyempata anakoma mahali palepale, walidhani hapo ndipo mwisho wa mwili wake.

Mwaka 1964, miaka 50 kamili baada ya tangazo la Caullery, mtaalamu Michael Webb alichapisha maelezo ya mnyoo aliyeitwa Siboglinum fiordicum, wa ghuba za pwani ya Norwei. Safari hii mnyoo alipatikana mzima, na mwisho wa mwili wake ukaonekana. Ulikuwa mkia mfupi, mnene kidogo, ambao kazi yake ni kuchimba na kujishikiza katika tope. Mkia huo ulikuwa na pingili. Ndani yake mlikuwa na kuta nyembamba zilizotenga pingili moja na nyingine. Na katika kila pingili zilichomoza nywele fupi ngumu.

Bila shaka msomaji amekwisha kuzitambua nywele hizo. Ndizo zile anazoweza kuzihisi kwa kidole chake chini ya migomba. Mnyama aliyekuwa amepewa ukoo wa peke yake, na kisha kusogezwa upande wa wenye uti wa mgongo, alikuwa amebeba alama ya Anelida wakati wote. Aliibeba katika sehemu ambayo wavu uliiacha topeni.

Haikuwa rahisi kwa wote kuikubali habari hiyo mara moja. Faila ikisha kuandikwa vitabuni haifutwi kwa siku moja. Wako waliosema kwamba pingili za mkia peke yake hazitoshi kuwa ushahidi, na mabishano yakaendelea. Webb mwenyewe, mwaka 1969, alieleza habari za mnyoo mwingine mkubwa zaidi, Lamellibrachia barhami, kutoka kilindi cha mbele ya California, ambaye alikuwa na mikunjo miwili mipana iliyomfunika kifua kama joho. Kutokana na joho hilo likapatikana kundi la Vestimentifera, maana yake wavaa joho.

BUSTANI ILIYO GIZANI

Mnamo Februari 1977, nyambizi ndogo ya Kimarekani iitwayo Alvin ilishuka karibu na visiwa vya Galápagos, katika Bahari ya Pasifiki, hadi kina cha mita 2,500 hivi. Hapo sakafu ya bahari imepasuka na pande zake mbili zinaachana, kwa nguvu za ardhi zinazofanana na zile zilizopasua Bonde la Ufa huku kwetu. Waliokuwamo katika msafara huo walikuwa wataalamu wa miamba na wa kemia. Hakuwamo hata mmoja wa elimu ya viumbe, kwa sababu hakuna aliyetazamia kuona viumbe wa maana mahali hapo penye giza la milele. Walikuwa wakitafuta chemchemi za maji ya moto. Walizipata, na kuzizunguka wakakuta chaza wakubwa, kaa, na vichaka vya mirija meupe yenye mashungi mekundu kama damu. Dawa ya kuhifadhia viumbe waliyokuwa nayo ilikuwa chache, hata baadhi ya walivyovikusanya ikabidi vihifadhiwe ndani ya pombe kali ya Kirusi waliyokuwa wameinunua Panama.

Mnyoo wa mirija hiyo alipewa jina mwaka 1981 na mtaalamu Meredith Jones wa Smithsonian, mjini Washington. Alimwita Riftia pachyptila. Neno la kwanza limetokana na ufa anamoishi, na la pili lina maana ya unyoya mnene. Hebu sasa tumtazame mwili wake kutoka juu hadi chini.

Sehemu ya kwanza ni shungi. Katikati yake kuna nguzo ya nyama ambayo, mnyoo anapojivuta ndani, huwa kizibo cha mrija. Kuizunguka nguzo hiyo yamepangwa maelfu ya manyoya membamba yaliyojaa damu. Sehemu ya pili ni lile joho, lenye misuli ya kumshikilia asichomoke, na tezi zinazotoa utomvu wa kujengea mrija. Mrija wenyewe ni wa kitini, kitu kilekile kinachofanya gamba la panzi kuwa gumu. Sehemu ya tatu, ambayo ni ndefu kuliko zote, ni kiwiliwili, nacho kimejaa tishu laini kama sifongo iitwayo trofosomu. Sehemu ya nne, chini kabisa, ni mkia mfupi wenye pingili na nywele ngumu za kujishikiza. Kwa jumla mnyoo huyo huweza kufikia urefu wa mita 2, na unene wa sentimita 4 hivi.

Tazama tena orodha hiyo. Hakuna kinywa, hakuna utumbo. Je, mwili wa ukubwa huo hulishwa na nini?

SHAMBA NDANI YA MWILI

Jibu lilianzia katika chumba cha mhadhara. Mwaka 1980 Jones alikuwa akiwaeleza wanafunzi wa Harvard habari za mnyoo wake, akataja kwamba ndani ya trofosomu ameona chembechembe za kiberiti. Mwanafunzi mmoja, Colleen Cavanaugh, alisimama akasema kwamba bila shaka ndani ya mnyoo huyo mna bakteria wanaopata nguvu kutokana na kiberiti. Jones alimpatia kipande cha tishu akichunguze. Mwaka 1981 Cavanaugh na wenzake walichapisha matokeo: trofosomu imejaa bakteria, mabilioni kwa mabilioni.

Utaratibu wao ni huu. Maji yatokayo katika ufa yana gesi ya haidrojeni salfaidi, ile inayonuka kama mayai viza. Bakteria huiunguza gesi hiyo kwa oksijeni, wakapata nguvu. Na kwa nguvu hiyo huigeuza hewa ya kaboni kuwa chakula, kama jani la mgomba linavyofanya kwa nguvu ya jua. Mnyoo huwapa bakteria makao na malighafi, nao humlisha. Hana haja ya kinywa kwa kuwa shamba lake limo ndani ya mwili wake, na kazi ya shungi ni kuchota malighafi kutoka nje.

Hapa pana ajabu nyingine. Haidrojeni salfaidi ni sumu kali. Ikiingia katika mwili wa mtu huzuia chembe hai zisitumie oksijeni, kama ifanyavyo sianidi. Lakini himoglobini ya Riftia, ambayo ndiyo inayolitia shungi rangi nyekundu, ina mahali pa kubebea oksijeni na mahali pengine pa kubebea salfaidi. Huvibeba vyote viwili kwa wakati mmoja bila kuviachia vikutane, ikavifikisha salama kwa bakteria. Damu yetu sisi haina uwezo huo.

Tena mnyoo huyo hazaliwi na bakteria wake. Wachunguzi waligundua kwamba anapokuwa mchanga ana kinywa na utumbo mdogo, ambavyo hutoweka kadiri anavyokua. Na mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba bakteria humwingia kutoka majini kwa kupenya ngozi yake. Maana yake ni kwamba kinywa kilichotafutwa tangu siku za Caullery kilikuwapo, lakini kwa watoto, na kwa muda mfupi.

KUTOKA FAILA HADI FAMILIA

Kwa habari zote hizo, msomaji angedhani kwamba suala la ukoo lilikwisha. Halikwisha. Mwaka 1985 Jones aliona kwamba wavaa joho wanatofautiana mno na wanyama wengine, akawaundia faila yao peke yao. Kwa hiyo kukawa na wakati ambapo minyoo ambao leo tunajua ni wa familia moja walikuwa wamegawanywa katika faila mbili, na zote mbili zimetengwa na ile ya nyungunyungu.

Uamuzi ulipatikana katika miaka ya 1990. Wako waliopima upya maumbile ya mwili, tangu nywele hadi pingili. Na wako waliosoma maandishi ya urithi yaliyomo katika jeni. Mwaka 1997 Damhnait McHugh alichapisha ushahidi wa jeni kwamba Pogonofora na wavaa joho wote wamo ndani ya Anelida. Ushahidi wa maumbile ulielekea hukohuko. Basi faila zote mbili zikafutwa, na wote wakarudishwa katika familia moja. Likatafutwa jina la familia hiyo, na kwa kanuni za elimu hii jina la kwanza ndilo lenye haki. Likarejeshwa lile la mwaka 1914: Siboglinidae. Mgeni wa barazani alikuwa amepandishwa kutoka familia hadi ngeli, kutoka ngeli hadi faila, kisha akarudi kwenye kiti alichopewa na Caullery siku ya kwanza. Tofauti ni kwamba sasa ukoo wake unajulikana.

Familia hiyo haijaacha kutushangaza. Mwaka 2002, katika ghuba ya Monterey huko California, ulipatikana mzoga wa nyangumi katika kina cha karibu mita 2,900, mifupa yake ikiwa imefunikwa na minyoo wekundu. Wakaitwa Osedax, yaani wala mfupa, walipotangazwa mwaka 2004. Nao hawana kinywa. Huingiza ndani ya mfupa mizizi yenye bakteria. Waliokuwa wakubwa walikuwa majike watupu, na madume, wadogo mno, walikutwa wakiishi ndani ya mrija wa jike. Na katika Ghuba ya Mexico, mahali panapovuja mafuta na gesi polepole, wako jamaa wa Lamellibrachia wenye urefu wa mita 2 ambao wamekadiriwa kuwa na umri wa miaka 170 hadi 250. Hao huvuta salfaidi kwa mzizi mrefu wa nyuma uliofukiwa ndani ya tope. Kumbe kwa mara ya pili, sehemu iliyofichika ndiyo iliyokuwa na jibu.

JAMBO LINALOTUHUSU

Huenda msomaji akauliza habari hizi zinatuhusu nini sisi wa nchi zisizo na pwani. Zinatuhusu kwa njia ifuatayo. Maji ya moto yanayopanda katika nyufa za bahari hubeba madini, na yanapopoa huacha malundo yenye shaba, zinki, dhahabu na fedha. Malundo hayo yanatamaniwa. Kwa mujibu wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, sakafu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya nchi ni urithi wa pamoja wa wanadamu wote, na manufaa yake ni ya nchi zote, ziwe na pwani au zisiwe nayo. Zambia iliuridhia mkataba huo mwaka 1983, na Uganda mwaka 1990. Chombo cha kuusimamia urithi huo, chenye makao yake Kingston, Jamaica, kimekwisha kutoa mikataba ya kutafuta malundo ya namna hiyo, ikiwamo ya Uchina, Korea ya Kusini, Ujerumani na Uhindi katika Bahari ya Hindi. Hadi mwisho wa mwaka 2024 uchimbaji wa kibiashara ulikuwa haujaanza, na kanuni zake zilikuwa zikijadiliwa. Katika mkutano mkuu wa chombo hicho kila nchi mwanachama ina kura moja.

Hatusemi kwamba madini yasiguswe kamwe. Nchi zetu zinajua thamani ya shaba. Tunasema tu kwamba wanaojadili wakumbuke kasi ya viumbe wenyewe. Riftia wa chemchemi za moto huweza kurefusha mrija wake kwa zaidi ya sentimita 85 kwa mwaka mmoja, na huenda akarudi upesi palipoharibiwa. Jamaa yake wa Ghuba ya Mexico huhitaji karne mbili. Anayewachukulia wote kuwa minyoo tu, atatoa kanuni moja kwa viumbe wawili wasiofanana.

Tena hakuna anayeweza kudai kwamba tumekwisha kuona kila kitu. Mwaka 2023 wachunguzi waliokuwa katika Pasifiki ya mashariki waliinua mabamba ya mwamba wa volkeno kwa mashine, kwenye kina cha mita 2,500 hivi, wakakuta chini yake mapango yenye maji ya vuguvugu. Na ndani ya mapango hayo, chini ya sakafu yenyewe ya bahari, mlikuwa na minyoo wa mirija wakiishi. Nyambizi zilikuwa zimepita juu ya sakafu za namna hiyo kwa zaidi ya miaka 40. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2024.

Wajumbe wa nchi zetu watakapoketi Kingston na kuambiwa kwamba mahali fulani pa bahari pamekwisha kuchunguzwa na hapana kitu cha kuhofia, wanayo haki ya kuuliza wavu ulishuka hadi wapi, na kama mkia nao ulipanda juu.